Mamlaka Yasiyotaka Daftari

Hotuba ya wakili mmoja kwa waumini na wanaharakati waliokutana katika ukumbi wa kanisa, Dagoretti Corner, Nairobi



Mada mliyonipa kwa kawaida hupewa walimu wa fasihi, si mawakili. Mmeniomba nizungumzie jinsi wenye mamlaka wanavyoitumia vibaya nguvu yao katika zile hadithi za kubuni zinazochora nchi iliyogeuka kuwa jinamizi. Nimeikubali kwa sababu katika Kenya hadithi za namna hiyo hazikubaki darasani. Zimefuatwa na polisi, zimeletwa mahakamani, na waandishi wake wametiwa kizuizini. Tena zinatufundisha jambo moja la kisheria ambalo kila mkaazi wa mtaa huu anapaswa kulijua kabla gari lisilo na nambari halijasimama mlangoni pa jirani yake.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Leo nataka kuwaonyesha kwamba hata watu hupotea vivyo hivyo.

Nianze na hadithi za ng'ambo ambazo wengi wenu mlizisoma shuleni. Katika riwaya ya George Orwell iliyotoka mwaka wa 1949, ile iitwayo kwa jina la mwaka wa 1984, serikali ina wizara nzima ambayo kazi yake ni kuandika upya magazeti ya jana ili yaafikiane na uongo wa leo. Katika kitabu chake kingine, ambacho Fortunatus Kawegere alikitafsiri kwa Kiswahili mwaka wa 1967 kwa jina la Shamba la Wanyama, amri zilizoandikwa ukutani hubadilishwa kwa siri, na asubuhi wanyama husoma maneno mapya, wakajilaumu kwa kusahau ya zamani. Katika tawala hizo za kubuni mtawala ndiye mwenye wino. Huandika mchana na usiku, na dhuluma yake imejaa makaratasi.

Dhuluma tuliyoijua sisi ilikuwa na tabia nyingine. Watawala wetu hawakuona haja ya kuandika uongo mwingi. Waliona ni rahisi zaidi kutoandika kabisa. Mtu alichukuliwa, na hapakuwa na karatasi iliyosema nani amemchukua, saa ngapi, kwa kosa gani, wala amepelekwa wapi. Kwa hiyo kazi ya kuandika iliwaangukia waliodhulumiwa, na mara nyingi waliifanya kwa njia ya hadithi. Hiki ndicho kiini cha maneno yangu ya leo: fasihi yetu ya jinamizi ilikuwa daftari la mambo ambayo dola ilikataa kuyaandika, na kwa sababu hiyo dola iliiogopa.

Tazameni kisa cha Matigari. Mwaka wa 1986 Ngũgĩ wa Thiong'o, ambaye wakati huo alikuwa uhamishoni, alichapisha kwa lugha ya Kikuyu riwaya yenye jina hilo. Ndani yake mzee mpigania uhuru anatoka msituni, anaficha silaha zake, anajifunga mshipi wa amani na kuanza kuzunguka nchini akiuliza kila anayekutana naye, mkulima, mwalimu, kasisi na hakimu, ni wapi mtu anaweza kupata ukweli na haki. Nchi anayozunguka ina waziri wa ukweli na haki, redio ya serikali inayojiita sauti ya ukweli, na wasomi waliobobea katika elimu ya ukasuku. Msomaji wa leo huenda akadhani mwandishi alitia chumvi. Lakini ilikuwa mwaka wa 1984 Rais Daniel arap Moi alipowataka hadharani mawaziri wake na watu wote wengine waimbe kama kasuku wimbo anaouimba yeye. Mwandishi hakuhitaji kubuni mengi.

Yaliyofuata yamesimuliwa na Ngũgĩ mwenyewe katika toleo la Kiingereza la mwaka wa 1989. Mapema mwaka wa 1987 taarifa za kijasusi ziliwafikia wakubwa kwamba katika vijiji vya mkoa wa Kati wananchi wanazungumza juu ya mtu mmoja aitwaye Matigari anayezunguka akidai ukweli na haki. Ikatolewa amri akamatwe. Polisi walipomtafuta waligundua kwamba mtu huyo yumo kitabuni tu. Basi mwezi wa Februari wakavamia maduka ya vitabu na kuzoa kila nakala waliyoiona.

Kisa hiki husimuliwa ili watu wacheke, na kweli kinachekesha. Lakini tukitafakari kwa makini tutaona kwamba wale polisi hawakuwa wajinga kabisa. Walielewa jambo ambalo baadhi ya wahakiki hawakulielewa. Mhusika wa kubuni hana kitambulisho, hana mama wa kutishwa, hana kazi ya kufutwa. Hakuna chumba cha chini ya ardhi cha kumtia. Wakati raia wa nyama na damu walikuwa wamenyamazishwa, yeye aliendelea kuuliza swali lake katika kila nyumba alimosomwa. Mamlaka ambayo yamezoea kuwafanya watu watoweke yalikuwa yamekutana na mtu asiyeweza kutoweshwa.

Sasa tutoke kitabuni tuingie mjini. Mkipanda matatu hapa mkashuka katikati ya jiji, mtaliona jengo refu pale Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway. Ni Nyayo House. Wengi wenu mmepanga foleni hapo kutafuta pasipoti. Katika miaka ya 1980, hasa kuanzia mwaka wa 1986 wakati wa msako wa watu walioshukiwa kuwa wafuasi wa Mwakenya, chini ya jengo hilo kulikuwa na vyumba vya giza ambamo raia waliteswa. Walioponea wameeleza jinsi walivyofungwa vitambaa machoni, wakazungushwa garini wasijue wako wapi, wakavuliwa nguo, wakafungiwa katika vyumba vilivyomwagwa maji, kisha wakapandishwa kwa lifti hadi ghorofa za juu kuhojiwa. Baadaye wengi walifikishwa mahakamani jioni, bila wakili, wakakiri makosa na kuhukumiwa papo hapo. Vyumba vile vilifunguliwa ili umma uvione tarehe 11 Februari 2003. Mnamo Julai 2010, zaidi ya miaka ishirini baada ya mateso, Mahakama Kuu iliamua kwamba watu 21 walioteswa humo walikiukwa haki zao na walipwe fidia.

Ninyi mnaweza kuuliza: je, wakati huo hapakuwa na sheria? Ilikuwapo. Tena ilikuwapo sheria mbaya ya kumzuilia mtu bila kumshtaki. Lakini hebu tuisome kwa jicho la wakili. Katiba ya zamani, katika kifungu cha 83, ilisema kwamba mtu akiwekwa kizuizini ni lazima apewe kwa maandishi sababu za kuzuiliwa kwake katika muda usiozidi siku 5, na kwamba jina lake litangazwe katika Gazeti Rasmi la Serikali katika muda usiozidi siku 14. Hata dhuluma iliyohalalishwa na sheria iliacha karatasi mbili nyuma yake. Mke aliweza kuonyesha tangazo na kusema: mume wangu yuko mikononi mwenu. Vyumba vya Nyayo House vilijengewa mateso yasiyoacha hata karatasi hizo. Mtu aliyekuwa humo, kwa hesabu ya serikali, hakuwa popote.

Ndiyo maana wakili aliyejaribu kuandika alionekana kuwa adui mkubwa. Mwaka wa 1987 Gibson Kamau Kuria aliwaandalia wateja wake kesi ya kudai kwamba waliteswa. Hakurusha jiwe, hakuitisha maandamano. Aliyaweka mateso katika karatasi ya mahakama, yenye majina na tarehe. Akakamatwa, naye akawekwa kizuizini.

Na wale wasioweza kufika mahakamani waliandika walipoweza. Abdilatif Abdalla alifungwa mwaka wa 1969 kwa sababu ya waraka ulioihoji nchi inaelekea wapi, na akatunga gerezani mashairi yaliyochapishwa mwaka wa 1973 kama Sauti ya Dhiki. Ngũgĩ alikamatwa tarehe 31 Desemba 1977, baada ya serikali kuupiga marufuku mchezo wa Ngaahika Ndeenda aliouandika pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, mchezo ulioigizwa na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, hapo Limuru. Akiwa Kamiti aliandika riwaya nzima juu ya karatasi za msalani. Wahome Mutahi, aliyewachekesha Wakenya kila wiki gazetini, alifungwa mwaka wa 1986, na mwaka wa 1991 akatoa Three Days on the Cross, riwaya ya raia wanaoteswa kwa kosa wasilolitenda. Katama Mkangi, mhadhiri aliyewekwa kizuizini mwaka wa 1986, alichapisha Walenisi mwaka wa 1995. Ndani yake mtu aliyehukumiwa kifo anatiwa katika chombo cha angani ili akaangamie, lakini anafika katika nchi nyingine ambako watu wanaishi kwa haki. Ukilitamka jina la nchi hiyo polepole utasikia: wale ni sisi.

Jina hilo linatosha kuwa somo kwa mkutano huu. Tukisoma juu ya watu waliotoweka katika nchi ya kubuni, tusiseme ni mambo ya wale. Wale ni sisi.

Ndugu waumini, jambo hili halikuanza Kenya. Fungueni kitabu cha nabii Yeremia, sura ya 36. Baruku anaandika maneno ya nabii katika gombo, nalo linasomwa mbele ya mfalme Yehoyakimu akiota moto nyumbani mwake wakati wa baridi. Kila zinaposomwa kurasa tatu au nne, mfalme anazikata kwa kijembe na kuzitupa motoni, mpaka gombo lote likateketea. Angalieni mambo mawili. Kwanza, mfalme hakutoa hoja hata moja ya kuyapinga yaliyoandikwa. Pili, Yeremia hakwenda kumsihi mfalme arudishe gombo. Alichukua gombo jingine, akamwambia Baruku aandike tena yote yaliyokuwamo, na maneno mengine mengi yakaongezwa. Hilo ndilo jibu la Biblia kwa mtawala anayechoma daftari.

Kuna watakaosema: wakili, hayo ni mambo ya Nyayo, yamepita. Kifungu cha 2A kiliondolewa Desemba 1991 na vyama vingi vikarudi. Sheria ya uchochezi, iliyotumiwa kuwafunga watu kwa kumiliki kijitabu, ilifutwa mwaka wa 1997. Tuna Katiba ya mwaka wa 2010. Nakubali yote hayo, wala sitaki kumsikia mtu akisema kwamba waliopigania mageuzi walipoteza wakati wao. Mwaka wa 2013 wasichana wa shule ya Butere walipokatazwa kuigiza mchezo wao Shackles of Doom katika tamasha la kitaifa, Mahakama Kuu iliamuru uigizwe, na ukaigizwa. Katika mwaka wa 1977 wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ hawakuwa na mahakama ya kukimbilia namna hiyo. Hatua ilipigwa.

Lakini Aprili 2025 shule ileile ilirudi na mchezo mwingine, Echoes of War, uliotungwa na mwandishi yuleyule, Cleophas Malala, unaowaonyesha vijana na watawala wao katika ufalme wa kubuni. Mahakama Kuu iliamuru tena kwamba wasichana waruhusiwe kuigiza. Mwandishi akakamatwa walipokuwa wakijitayarisha huko Nakuru. Vitoa machozi vikarushwa. Wasichana wakapanda jukwaani, wakaimba wimbo wa taifa, wakashuka bila kuigiza. Amri ya mahakama ilikuwapo mkononi. Kilichokosekana ni mtawala aliyekubali kwamba maandishi yale yanamfunga yeye pia. Tangu Matigari hadi Butere ni karibu miaka 40, na bado kuna wakubwa wanaomwogopa mtu asiyekuwapo.

Na kuna jambo zito zaidi ya mchezo wa kuigiza. Baada ya vijana kuandamana kupinga Mswada wa Fedha mwezi wa Juni 2024, wananchi walianza kuchukuliwa barabarani na majumbani na watu wasiovaa sare. Kufikia mwisho wa Desemba mwaka huo, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu watu 82 waliotekwa hivyo tangu Juni. Miongoni mwa waliochukuliwa katika siku za Krismasi alikuwamo kijana aliyekuwa akichora vibonzo vya kumkejeli Rais. Waliorudi walirudi wakiwa kimya. Jamaa waliokwenda kuuliza katika vituo waliambiwa hakuna mtu wa jina hilo. Ile ile hila ya zamani: mtu asiyeandikwa hayupo.

Katiba yetu imejibu hila hiyo kwa maneno yasiyo na utata. Ibara ya 49 inasema mtu aliyekamatwa aelezwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake; aruhusiwe kuwasiliana na wakili; na afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au siku ya kazi inayofuata iwapo saa hizo zinakwisha mahakama ikiwa imefungwa. Ibara ya 25 inasema haki ya kutoteswa, na haki ya kupata ile amri ambayo mawakili huiita kwa Kilatini habeas corpus, yaani mleteni huyo mtu mbele ya jaji, hazipunguzwi kwa sababu yoyote ile. Ibara ya 22 inamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kwa niaba ya mwingine asiyeweza kujiendea, bila ada ya kufungua kesi, na inaitaka mahakama ipokee, inapobidi, hata maandishi yasiyofuata taratibu za kiwakili.

Hayo yote yanategemea kitu kimoja. Jaji atauliza: nani alimwona, wapi, saa ngapi? Ikiwa hatuna jibu, Katiba inabaki kitabu kizuri kabatini.

Kwa hiyo nawaomba jambo ambalo mnalijua tayari. Hapa Dagoretti Corner, Kawangware, Riruta na Ngando hakuna chama cha akina mama kisicho na daftari. Katibu huandika shilingi hamsini ya mwanachama aliyechelewa, na hakuna atakayemdanganya mwaka ukiisha. Kanisa nalo lina kitabu cha ubatizo, cha ndoa na cha mazishi. Je, tutaandika siku mtu aliyobatizwa na siku aliyozikwa, tukaacha tupu siku aliyochukuliwa?

Kila kanisa na kila kamati ya mtaa iwe na daftari moja la namna hii. Andikeni jina la aliyechukuliwa, mahali, tarehe na saa. Andikeni nambari ya gari, au kama halina nambari, rangi na aina yake. Andikeni mavazi na maneno ya waliomchukua. Andikeni kituo cha polisi mlichokwenda kuuliza, afisa aliyewajibu, na mdai nambari ya OB; wakikataa kuwapa, andikeni kwamba walikataa na ilikuwa saa ngapi, kwa sababu kukataa nako ni ushahidi. Kisha mtafuteni wakili siku hiyohiyo, msisubiri Jumatatu.

Lakini nawaonya. Andikeni yale tu ambayo shahidi ameyaona kwa macho yake au kuyasikia kwa masikio yake. Uvumi ukiingia katika daftari, mwenye kudhulumu atashika jambo moja la uongo na kulitumia kulichafua daftari zima. Mengine tisini na tisa ya kweli yataanguka pamoja nalo. Tena majina ya mashahidi yafichwe mahali salama, na nakala ziwe mbili katika nyumba mbili. Daftari lililowekwa ovyo linaweza kuwa orodha ya watakaofuata.

Wako pia watakaosema kwamba hiyo si kazi ya kanisa. Historia inawajibu. Uchaguzi wa mlolongo wa mwaka wa 1988 ulipoibwa mchana kweupe, ni jarida la Beyond la Baraza la Kitaifa la Makanisa lililoandika jinsi ulivyoibwa. Likapigwa marufuku na mhariri wake akashtakiwa. Mwezi wa Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikwenda Uhuru Park na orodha ya majina ya wana wao. Walipopigwa na kufukuzwa, walipokewa katika Kanisa Kuu la All Saints na wakakaa humo kwa muda mrefu, wakiyashikilia majina yale mpaka milango ya magereza ikaanza kufunguka. Hawakuwa na chama wala bunduki. Walikuwa na orodha, na kanisa lililokubali kuihifadhi.

Ngũgĩ aliaga dunia Mei 2025, mbali na Limuru. Mutahi na Mkangi walimtangulia zamani. Waliyoyaandika yamebaki, na watoto wetu wanayasoma. Lakini haifai tumwachie mwandishi wa hadithi peke yake kazi ya kukumbuka. Yeye humpa aliyetoweka jina la kubuni kwa sababu hana njia nyingine. Sisi majirani zake tunalijua jina lake halisi, tunamjua mamaye, tunajua nyumba alimokuwa akilala. Tuliandike.